Kiti cha Balozi Asiyekuja

Balozi hakuja. Naanza hapo ili nanyi msimsubiri kama tulivyomsubiri sisi, jua la Koboko likituchoma utosi.

Mimi ni mwanamke wa Lurujo. Shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili nilikipata kambini, nikiwa mke wa askari, na kuandika nimejizoeza uzeeni kwa sababu wajukuu wamechoka kunisikiliza. Nitaandika nilivyoona. Anayetaka kurembewa atafute mwingine.

Mwaka ule rais alichaguliwa kwa kura, na siku ya kuapishwa ikawa inakaribia. Kiapo chenyewe kingekuwa mji mkuu, lakini wakubwa wa wilaya walisema kusikiliza redio majumbani hakutoshi. Nasi tutafanya sherehe yetu, na tutaifanya Koboko, kwa kuwa Koboko iko kwenye kona ya nchi tatu na wageni wa nje watavuka kwa miguu tu. Upande wa Sudan kulikuwa na vita, hapakutegemewa mtu. Upande wa Zaire angekuja mkubwa wa serikali na mke wake. Na kutoka mji mkuu angekuja balozi mmoja wa Ulaya, ambaye nchi yake ilikuwa inatuchimbia visima.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mimi nilitiwa humo kwa ajili ya wanawake na sufuria.

Kikao kikubwa kilifanyika kule juu, Arua Hill, penye ofisi za wilaya, katika moja ya nyumba za zamani walizoacha Wazungu. Nilipanda lori la mihogo tangu alfajiri, nikafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndani alikuwepo kijana wa itifaki aliyetumwa kutoka mji mkuu, tai shingoni, chaki mkononi. Alichora jukwaa ubaoni akatufundisha nani anakaa kulia kwa nani. Bendera ya mwenyeji inakaa wapi na ya mgeni wapi. Mgeni mkubwa anafika wa mwisho na kuondoka wa kwanza. Kiti cha balozi ni cha balozi. Hata akichelewa, hata asipokuja, hakikaliwi na mtu mwingine, kwa sababu kile kiti ni nchi yake.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kama kiti ni nchi, mvua ikinyesha unaingiza nchi ndani?"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa na hofu yake, na hofu hiyo naijua. Tangu vita vya mwaka sabini na tisa, vilivyomng'oa rais wa wakati ule aliyekuwa mtu wa kwetu, ukisema huko mji mkuu kwamba unatoka Koboko, mtu anakutazama mikononi kama umeficha kitu. Shemeji alitaka siku moja, moja tu, watu wa mji mkuu waje watuone tumekaa kwenye mistari, safi, kama watu. Hilo sikumlaumu.

Basi nilinyoosha mkono nikasema: Kuna mtu wa upande wa pili lazima aitwe.

Hapa nisimulie kidogo, ili mjue nilikuwa namtetea nani.

Vita vilipotufikia tulikimbia. Mume wangu alikuwa sajini. Alivua magwanda akayatupa kwenye shimo la choo, tukavuka kwenda Zaire na watoto na mbuzi mmoja ambaye hakufika. Shemeji alikuwa pamoja nasi, mwembamba kama bua la mtama. Waliotuona njiani walituambia tuendelee mbele. Kijiji baada ya kijiji, endeleeni mbele. Mpaka tulipofika kwa mzee mmoja aliyekuwa kapita, ndivyo wanavyomwita mkuu wa kijiji huko. Yeye hakutuambia tuendelee. Alisema, "Kaeni chini kwanza. Mutu anaongea vizuri akikaa."

Tulikaa kwake miaka. Tulilima mihogo kwenye shamba lake, tukala sombe yake, majani ya mihogo. Mume wangu alishikwa na kifua huko. Mwishoni akawa hawezi kulala chali, akilala anazama. Mzee akatoa kiti chake cha mikono, cha mvule, kiti pekee cha namna hiyo pale kijijini, akasema, "Alale amekaa." Mume wangu alilala amekaa miezi, na akafa amekaa. Mzee alitoa ardhi, katikati ya mihogo yake, na yeye mwenyewe alishika jembe, yeye Mkristo, akauliza wazee wetu Waislamu, "Kichwa kinaelekea wapi?" akachimba walivyomwelekeza. Shemeji alikuwa ameshika upande wa pili wa sanda. Sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Tuliporudi nyumbani mzee alinipa kile kiti. Alisema kiti alichofia mtu kinamfuata mjane. Nilikibeba kichwani mpaka Lurujo.

Sasa kuna desturi. Kwetu mtu aliyezikwa ugenini hawezi kubaki kimya. Mifupa ya Mwislamu haifukuliwi, sheikh alitukatalia, lakini udongo wa kaburi unaruhusiwa, kiganja cha udongo, uje ulale kwenye boma lake. Na udongo huo hauchotwi hovyo. Mwenye ardhi lazima akalishwe, apewe maji kwa mkono wa ndugu wa marehemu, ayanywe, ndipo atoe ruhusa. Mimi ni mjane tu. Maji yangu hayatoshi. Yanatakiwa ya shemeji. Miaka yote niliyomwambia twende alikuwa na kazi. Na mama mkwe alikuwa akizeeka mlangoni, akiniuliza kila Ijumaa kama mwanawe amefika.

Kwa hiyo kikaoni nilisema: mwiteni mzee. Akae jukwaani kama mtu aliyetupokea, kisha jioni aje Lurujo, shemeji ampe maji, nasi tumalize. Nusu ya wajumbe walikuwa wamekula mihogo yake. Wakakubali. Shemeji mwenyewe alisema mbele ya wote, "Ni haki." Kijana wa itifaki akauliza cheo cha huyo mzee ni kipi. Nikamwambia alitupokea. Akasema hicho si cheo.

Nilivuka mwenyewe kumwita. Nilimkuta anasuka kamba, amekuwa mdogo, masikio tu yamebaki makubwa. Nilimwambia, "Baba, utakaa kwenye kile kiti chako, mbele ya watu wote."

Aliweka kamba chini. Kisha akauliza, "Kile kiti bado iko?"

"Iko."

"Basi nitakuja."

Viti vya sherehe kwetu vinakusanywa majumbani. Kila mtu anaandika alama yake chini kwa rangi au mkaa, kisha vijana wanapita na mkokoteni. Mimi sikuwapa vijana. Nilikipeleka kwa mikono yangu, kimepakwa mafuta, nikamkabidhi shemeji na kumwambia ni cha nani. Akasema, "Najua, shemeji. Nakijua kama unavyokijua."

Siku ya mazoezi sisi wa jikoni tulikalishwa jukwaani ili kijana wa itifaki aone mistari yake. Mwuza samaki mwenzetu alifanywa mke wa mkubwa wa Zaire, akapunga mkono mpaka tukaumwa mbavu. Mimi nilikalishwa kwenye kiti changu mwenyewe. Kilikuwa kimewekwa katikati, mstari wa mbele, kimefungwa mto mwekundu. Nikauliza, "Hapa ndipo mzee atakapokaa?" Kijana akasema, "Hapo wewe ni balozi, mama. Usitafune."

Nilidhani ni mambo ya mazoezi. Huo ndio ujinga wangu, na bado unaniuma.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye moshi tangu kabla ya jua. Ugali wa muhogo na mtama, maharage, nyama ya ng'ombe wa wilaya, na sufuria ya wali kwa ajili ya balozi, kwa sababu mtu fulani alisema mabalozi hawali muhogo. Mkubwa wa Zaire alifika na mke wake, wakapigiwa ngoma. Watoto wa shule wakasimama kwenye mistari. Redio ya kamati iliunganishwa na vipaza sauti, na sauti ya mji mkuu ikaanza kutoka, bendi na makelele ya watu wa mbali. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Kilizungushiwa kamba nyeupe.

Mwuza samaki alikuja mbio kutoka langoni. "Dada, yule mzee wako amesimama nje. Askari wamemkatalia."

"Tangu saa ngapi?"

"Watu wanasema alifika kabla ya watoto wa shule."

Nilitoka na mwiko mkononi. Langoni niliwakuta askari, na nje ya uzio, juani, mzee amevaa koti kubwa la zamani, limefungwa vifungo mpaka kooni. Nyuma yake wanaume wa kijiji chake, na kondoo dume amefungwa kamba ya kusokotwa. Ile kamba aliyokuwa anasuka.

"Afande, huyu ni mgeni wa kamati," nikasema.

"Mama, tumeambiwa Wazaire wa kawaida wakae upande wa nje. Waliotajwa wameshaingia."

"Nani amesema?"

"Mwenyekiti."

Mzee alinisalimu kana kwamba tumekutana sokoni. Hakuniuliza kitu. Akasema tu, "Mama, leo jua iko kali." Nilimwambia anisubiri kidogo. Aliinamisha kichwa. Mzee wa miaka ile, na mimi namwambia anisubiri.

Nilimkuta shemeji nyuma ya jukwaa, amevaa suti ya kijivu, karafuu inanuka mdomoni.

"Mzee yuko langoni."

"Najua."

"Unajua, na umesimama hapa?"

"Shemeji, sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mkubwa wa Zaire yuko pale. Nikimweka kapita mstari mmoja naye ni matusi. Itifaki imekataa."

"Kuna mstari wa pili na wa tatu."

"Na watu wa mji mkuu watauliza: huyu ni nani? Nitawaambia nini? Kwamba ndiye aliyetuficha? Leo? Leo tunataka wasahau tulikimbia, wewe unataka kutuletea tuliyemkimbilia akae mbele na koti lile?"

Hapo ndipo niliposikia damu imenipanda. Kumbe haikuwa itifaki. Alimwonea haya mtu aliyemwona uchi.

"Ulimeza uji wake," nikamwambia. "Mwenyewe alikushika kichwa ukitapika."

"Usipige kelele."

"Sipigi kelele. Kiti kiko kitupu. Mkalishe."

"Kile ni cha balozi."

"Balozi yuko wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi? Barabara yote ya Arua imejaa mihogo, hakuna gari hata moja."

"Hata asipokuja, ni kiti chake."

"Ni kiti cha kaka yako. Alifia humo."

Shemeji alitazama viatu vyake. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeshika sanda. Alisema, "Kaka amekufa, shemeji. Mimi nina watu hai wa kuwapanga."

Sikumjibu. Kuna mtu ukimjibu unamheshimu.

Redioni walitangaza kwamba wimbo wa taifa utapigwa, kisha kiapo. Kijana wa itifaki akainua mkono. Watu wote wakasimama, wanajeshi wakakaza, shemeji akapanda haraka kwenda mahali pake, mikono ubavuni. Kijana alikuwa ametufundisha vizuri: wimbo ukipigwa, hakuna anayetikisika, hata nyuki amkalie puani.

Mume wangu alisimama kwa wimbo ule miaka yake yote ya utumishi. Nilihesabu kwamba amenisimamia na mimi pia, kwa hiyo naweza kutembea.

Nilipanda jukwaani kwa ngazi ya mbele, na aproni yangu ya masizi. Nilinyanyua kamba nyeupe. Nilifungua mto mwekundu nikauweka chini taratibu, kwa kuwa haukuwa wangu. Nikakiinua kiti, nikakipindua, nikakitia kichwani. Hakuna aliyenigusa. Mkubwa wa Zaire alinitazama kwa pembe ya jicho, mke wake akafunika mdomo. Kijana wa itifaki alikuwa ameganda, mkono wake bado juu. Shemeji alikuwa hatua moja kutoka kwangu, macho mbele, jasho linamtiririka kwenye kola. Nilipita mbele yake na miguu ya kiti ikielekea juu kama pembe za ng'ombe. Wimbo haukuwa umeisha nilipofika langoni.

Mzee hakuwepo.

"Ameondoka," akasema askari. "Alisema anakuona umebanwa na kazi."

Kondoo walimwacha, amefungwa kwenye uzio. Hilo liliniuma kuliko vyote. Mtu umemsimamisha nje, na bado anaacha zawadi.

Niliwaachia wenzangu sufuria nikafuata barabara ya Zaire. Nyuma yangu vipaza sauti vilikuwa vinasoma kiapo, kutunza hiki na kulinda kile, na sauti ilinifuata mpaka kwenye mashamba ya mwisho. Mpakani ofisa alinisimamisha.

"Unapeleka nini, mama?"

"Kiti."

"Cha kuuza?"

"Cha kukalia."

Akaniacha. Nadhani aliogopa uso wangu.

Nilimkuta mzee nyumbani kwake, ndio kwanza amefika, amevua koti, anaoshwa miguu na mjukuu wake wa kike. Alipokiona kiti kichwani mwangu, uso ulimbadilika.

"Unanirudishia?"

Niliweka kiti chini mbele yake. Nilikuwa nahema. "Sirudishi, baba. Nilikuahidi utakaa kwenye kiti hiki siku ya sherehe. Siku bado haijaisha."

Alikitazama. Alipitisha mkono pale kwenye mkono wa kulia wa kiti, ambapo kiwiko cha mume wangu kilikuwa kinaegemea, mbao imeingia ndani kidogo. Halafu akakaa. Wanaume wake waliotembea naye wakaja wakakaa chini kumzunguka. Nilichota maji kwenye mtungi wake, nikapiga magoti nikampa.

Alishika kikombe lakini hakunywa. Alikiweka kwenye paja.

"Mama, wewe nakusamehe, hakuna kitu iko kati yetu," akasema. "Lakini haya maji hapana yako. Unajua ni ya nani."

"Najua."

"Mwambie kijana yangu aje. Mimi nilimwita kijana yangu hapa, alikula hapa. Aje na miguu. Asikuje na gari ya serikali. Na akifika, asiingie. Atasimama pale." Akaonyesha kwa kidevu mahali uzio wa matete ulipokuwa na mwanya. "Anajua kusimamisha watu. Nataka kuona kama anajua kusimama."

Nilirudi Lurujo jioni bila kiti na bila udongo. Shemeji alikuwa ananisubiri uani, ile suti imekunjamana. Alikuwa ameandaa maneno mengi: nimemwaibisha, nimewaaibisha watu wa Koboko, kijana wa itifaki atasema nini mji mkuu. Aliyamwaga yote. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake, hakumwuliza jambo lolote la sherehe. Alimwuliza hivi: "Mzee alikunywa maji yako?"

Shemeji akaanza tena habari za itifaki.

"Nimekuuliza, mwanangu. Alikunywa?"

"Hakunywa, mama."

"Basi mwanangu mwingine bado yuko kwenye mihogo ya watu, na wewe unanieleza viti."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa siku nyingi hakupokea chakula kutoka nyumba ya shemeji. Sahani ilikwenda, sahani ikarudi na kifuniko chake. Sikutaka kumsaidia shemeji kwa kugombana naye.

Mwisho alikuja asubuhi moja amevaa shati la kawaida na kandambili. Akasema, "Twende." Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na mtungi wa maji ya Lurujo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, uani, anakula. Mimi nilikaribishwa. Shemeji alisimama kwenye mwanya wa uzio. Mzee alikula polepole, na meno hakuwa nayo mengi. Alinawa. Akazungumza na majirani habari za mvua, na bei ya chumvi, na punda mmoja aliyempotea mtu. Watoto wa kijiji wakaja kumtazama mwanamume mzima aliyesimama juani bila kufanya kazi. Mmoja akamwuliza kama yeye ni mlingoti. Shemeji hakusogea.

Jua lilipogeuka mzee akainua uso kana kwamba amemwona sasa hivi. "Kijana yangu, uko hapo? Kaa chini kwanza. Mutu anaongea vizuri akikaa."

Shemeji alipiga magoti palepale kwenye mwanya, akaja hivyo mpaka miguuni pa kile kiti. Nilimjazia kikombe kutoka kwenye mtungi, akamwinulia mzee, maji mengine yakamwagikia suruali. Mzee akanywa yaliyobaki. Akanywa mpaka kikombe kikageuka.

Udongo tuliuchota sote watatu. Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Mihogo imeachiwa nafasi pande zote. Shemeji alilia, nikamwacha alie. Udongo ulilala Lurujo Ijumaa iliyofuata, na mama mkwe aliushindilia kwa kisigino chake mwenyewe.

Kiti nilikiacha kule. Sikuombwa, nilikiacha.

Msidhani nilisamehe. Nilimpikia shemeji, nilimsalimu, lakini hasira yangu ninayo, imekaa mahali pake kama jiwe la jikoni, naipikia. Mzee yule alitupa ardhi bila kuuliza cheo cha maiti wetu.

Baadaye kulitokea sherehe nyingine, mkubwa mwingine anakuja, na vijana wa kamati wakapita na mkokoteni kukusanya viti. Walifika kwangu wakikimezea mate kiti cha mikono, kwa kuwa habari zake walizisikia.

"Bibi, tunaomba kile cha mvule. Kuna mgeni wa heshima."

"Kile kiko Zaire," nikawaambia. "Kina mtu."